Barua Zako Zikae Kwako

 

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari kando ya pwani yetu, EASSy na Seacom, zilikatika huko Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Jumatatu watu waliingia ofisini wakakuta umeme upo, kompyuta ni nzima, kila mtu yuko kwenye kiti chake, na kazi haiendi. Kwamba barua mpya zichelewe, hilo lilieleweka. Lililoniuma ni jingine. Katibu aliyetaka kusoma tena barua aliyoipokea mwezi Februari, akaisoma, akaijibu, akaitolea nakala kwa mkuu wake, hakuweza kuifungua. Barua ilikuwa salama kabisa, lakini ilikuwa kwenye kompyuta ya watu wengine, ng'ambo ya bahari, na njia ya kuifikia ilikuwa imekatika.

Nimekuja kuzungumzia dawa ya jambo hilo. Ni dawa ya zamani, haina gharama, na inachukua dakika chache: kuweka kwenye kompyuta yako programu ya barua pepe, na kuiunganisha na akaunti ileile unayoifungua kila siku kwa kivinjari. Sisemi muache kivinjari wala simu. Nasema barua za mtu, na zaidi barua za ofisi, zinapaswa kuwa na nakala pale alipo mwenyewe, na kwamba sisi huku tumechelewa mno kulifanya hilo.

Tumechelewa kwa sababu inayoeleweka. Ray Tomlinson alipotuma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, huko Cambridge, Massachusetts, na kuchagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta, barua ilikuwa inafika kwenye kompyuta na kukaa hapohapo. Zilipoenea kompyuta za mezani, zikaja programu kama Eudora, aliyoiandika Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988. Mtu aliwasha kompyuta, akapiga simu kwa modemu, akavuta barua zake, akakata simu, akasoma kwa nafasi. Wenzetu wa Marekani na Ulaya wengi walianzia hapo. Walijua barua ni faili iliyomo kwenye diski yao kabla hawajajua kwamba inaweza kusomwa kwenye kivinjari.

Sisi wengi wetu tuliingilia mlango mwingine. Tarehe 4 Julai 1996 Sabeer Bhatia na Jack Smith walifungua Hotmail, na mwaka uliofuata ikaja Yahoo Mail. Intaneti kafe zilipoota Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala, ndizo anwani tulizofunguliwa. Kompyuta ilikuwa ya mwenye kafe, muda ulikuwa wa kulipia, na kuhifadhi barua kwenye diski ya mtu mwingine kungekuwa ni upuuzi. Kwa hiyo tukajifunza kuingia, kusoma haraka, kujibu haraka na kutoka. Hotmail ya bure ilikupa megabaiti 2 tu za kuhifadhia, na akaunti isiyofunguliwa kwa siku 30 ilisimamishwa na barua zake kufutwa. Mwanafunzi aliyekwenda kijijini likizo ndefu alirudi akakuta sanduku jeupe. Kisha tarehe 1 Aprili 2004 Google ikatangaza Gmail yenye gigabaiti nzima, na wengi wakadhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Haukuwa mzaha. Nafasi ilipokuwa kubwa hivyo, hofu ya kufutiwa ikaisha, na wazo la kuchukua barua nyumbani halikuwahi hata kuzaliwa. Kutoka kafe tukahamia moja kwa moja kwenye simu.

Hebu fikirini mtu mwenye sanduku la posta ambaye kila akienda hufungua barua yake palepale kaunta, huisoma amesimama, kisha huirudisha sandukuni, hufunga kwa ufunguo na kwenda zake. Miaka ishirini. Hati za kiwanja, barua za watoto, mikataba, vyote vimo sandukuni. Siku posta ikifungwa, au ufunguo ukipotea, hana kitu. Ndivyo tunavyoishi na barua pepe.

Na posta hizi hufungwa. Kampuni ya Lavabit ya Marekani, iliyokuwa na watumiaji laki kadhaa, ilisitisha huduma tarehe 8 Agosti 2013, siku ileile tangazo lilipotoka. Oktoba watumiaji walipewa muda mfupi wa kuchukua barua zao, kisha mlango ukafungwa. Aliyekuwa anazivuta barua kwenye programu yake alipoteza anwani tu. Aliyekuwa anasoma kwenye kivinjari alipoteza kila kitu, asipowahi muda ule. Google nayo, tangu Desemba 2023, huweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Siilaumu, imetangaza wazi. Lakini akaunti ya marehemu mzazi wako, yenye picha na maelezo ya mashamba ya familia, haitumiki.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kuna itifaki tatu, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, ambazo lazima mzijue kwa majina, maana mtaziona kwenye skrini. Ya kwanza ni SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Hiyo ni ya kutuma. Nyingine mbili ni za kupokea, na hapo ndipo watu huumia.

POP ilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta moja. Inachukua barua kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, inaileta kwako, na kwa kawaida yake ya asili inaifuta kule ilikotoka. Programu nyingi zitakuruhusu kuiambia iache nakala kwenye seva, lakini nyingine huacha kwa siku kadhaa tu kisha hufuta. Nimeona mtu akiunganisha laputopu yake kwa POP, kesho yake akafungua simu na kukuta kikasha kitupu, akapiga kelele kwamba ameibiwa. Hakuibiwa. Barua zote zilikuwa kwenye laputopu.

IMAP ni kazi ya Mark Crispin, aliyeianza mwaka 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye alitaka barua zibaki kwenye seva na programu iwe na picha kamili ya kilichomo: ukisoma kwenye kompyuta, simu inajua umesoma; ukihamisha barua kwenye folda, inahama kote. Crispin alifariki mwaka 2012, na kila anayetumia simu na kompyuta kwa anwani moja leo anatembelea njia aliyoichonga. Kwa watu wa leo, wenye vifaa viwili au vitatu, jibu ni IMAP. Chagueni hiyo na msisumbuke zaidi.

Mfano wangu ni Thunderbird na akaunti ya Gmail, kwa sababu Thunderbird ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila anayetaka kuukagua, inatunzwa kwa michango ya watumiaji wake, na imekuwepo tangu toleo la kwanza la Desemba 2004. Ipakueni kwenye tovuti yake rasmi pekee. Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza jina lako na anwani yako. Jina andika vizuri, kwa herufi kubwa zinapostahili, maana ndilo watakaloliona unaowaandikia. Ukiendelea, programu inatafuta yenyewe mipangilio ya mtoa huduma wako, na baada ya sekunde chache inakuletea ilichokipata: kupokea kupitia imap.gmail.com, poti namba 993. Kutuma kupitia smtp.gmail.com, poti 465, au 587 ukipenda. Kote mawasiliano yamesimbwa, hata mwenye Wi-Fi ya hotelini hawezi kusoma kinachopita. Ukiona programu inapendekeza muunganisho usio na usimbaji, simama. Usikubali.

Baada ya hapo linafunguka dirisha la Google lenyewe. Unaingiza nywila yako humo, unathibitisha kwa simu kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha unaonyeshwa ukurasa wa ruhusa. Hapa watu wengi hufunga kompyuta. Ukurasa unasema kwamba Thunderbird itaweza kusoma, kuandika, kutuma na kufuta moja kwa moja barua zako zote za Gmail. Sentensi hiyo inatisha, na ni haki itishe. Ungeiona mbele ya programu usiyoijua ungepaswa kukataa. Lakini fikiri programu ya barua hufanya nini kama si kusoma, kuandika, kutuma na kufuta. Ruhusa hiyo inapewa programu iliyomo kwenye kompyuta yako. Barua zinatoka seva ya Google kuja kwenye diski yako bila kupita kwa waliotengeneza Thunderbird. Na siku ukibadili mawazo, ukurasa wa usalama wa akaunti yako ya Google una orodha ya programu zote ulizoziruhusu. Unaiondoa Thunderbird hapo, na mlango unafungwa papo hapo.

Niongeze neno kuhusu nywila, kwa sababu nusu ya watu wanaoniletea laputopu wanalalamikia hili. Zamani uliandika nywila ndani ya programu, basi. Google iliacha kukubali njia hiyo kwa akaunti za watu binafsi mwishoni mwa Mei 2022, na Microsoft ikafuata kwa akaunti za Outlook.com na Hotmail mwezi Septemba 2024. Sasa programu haikabidhiwi nywila yako. Inakabidhiwa kibali, kwa utaratibu uitwao OAuth2, ndiyo maana lile dirisha hufunguka. Ukiwa na programu ya zamani isiyojua utaratibu huo, itakwambia nywila si sahihi hata uiandike mara mia, ilhali ni sahihi. Usibadilishe nywila. Badilisha programu, uchukue toleo jipya. Google pia hutoa nywila maalumu ya herufi 16 kwa programu zisizoweza OAuth2, lakini lazima kwanza uwe umewasha uthibitisho wa hatua mbili. Na mtu yeyote akikupigia simu kuomba herufi hizo, awe amejitambulisha vipi, ni mwizi.

Watoa huduma hawafanani. Yahoo inakubali njia hizi bila shida. Proton, kwa namna inavyozisimba barua, inadai programu ya kati iitwayo Bridge, na hiyo wanapewa wanaolipia tu. Kabla hujafungua anwani mpya popote, uliza kama wanaruhusu IMAP bila malipo. Ni swali zuri kuliko kuuliza wanakupa gigabaiti ngapi.

Ukishaunganisha, barua zinaanza kushuka. Upande wa kushoto mtaona kikasha chenu, na chini yake folda za Gmail. Mojawapo inabeba barua zote, zile za kikasha na zilizowekwa kwenye kumbukumbu pia. Gmail haina folda halisi. Ina lebo, na barua moja inaweza kuwa na lebo tatu. Programu ikizitazama lebo hizo inaziona kama folda tatu, na barua hiyohiyo inaonekana mara tatu au nne. Hakuna hitilafu. Ila mkifuta moja mkidhani ni ya ziada, mtakuwa mmeifuta iliyo ya pekee. Kwa hiyo sheria ya wiki ya kwanza: tazameni, msifute.

Halafu kuna bando. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, ikigawanywa na picha na faili zako nyingine, na mtu aliyeitumia miaka kumi anaweza kuwa na gigabaiti kadhaa za barua. Thunderbird isipozuiwa itataka kuzishusha zote. Ukiwa umeunganisha kompyuta kwa simu yako, bando la wiki litakwisha kabla chai haijapoa. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya ulinganishaji na hifadhi, uiambie ilete barua za siku 30 zilizopita tu, au uchague folda unazozihitaji. Ukipata mtandao wa ofisi au wa chuo, ondoa kikomo hicho, uache kompyuta iwake usiku kucha. Gharama ni ya mara moja. Kuanzia hapo, barua yenye kiambatisho cha megabaiti 8 unaweza kuifungua kila siku bila senti ya bando, wakati kwenye kivinjari ungeilipia kila unapoipakua upya.

Utajuaje kwamba kweli zimefika? Zima Wi-Fi. Tafuta barua ya mwaka juzi yenye kiambatisho, ifungue, na ufungue kiambatisho chenyewe. Kikifunguka, barua iko kwako. Ikionekana mada tu na ndani kuna weupe, kazi haijakamilika. Washa mtandao uiache iendelee.

Hapa sharti niseme jambo ambalo hata mafundi hulisahau. IMAP peke yake si akiba. Kwa kuwa inalinganisha pande zote mbili, akiingia mtu kwenye akaunti yako na kufuta barua zote, programu yako ikiunganishwa nayo itafuta vilevile, kwa utiifu kamili. Ndiyo maana Thunderbird ina folda za ndani, zilizo kwenye diski yako tu na zisizolinganishwa na seva yoyote. Kila mwisho wa mwezi nakili humo barua zenye uzito: mikataba, stakabadhi, barua za ajira, barua za shule. Nakili, usihamishe, ukihamisha zitaondoka kwenye seva. Kisha funga programu, utafute folda ya wasifu ambamo Thunderbird huweka kila kitu, uinakili kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae mahali tofauti na kompyuta. Kwa kawaida barua hizo huhifadhiwa katika muundo uitwao mbox, ambao asili yake ni maandishi ya kawaida. Programu nyingi nyingine huusoma. Hata Thunderbird ikifa kesho, barua hazifi nayo.

Kwa upande mwingine, barua ikiwa kwako ulinzi nao ni wako. Usiunganishe akaunti yako kwenye kompyuta ya kafe au ya kuazima. Laputopu iwe na nywila ya kuingilia, diski isimbwe kama mfumo wako unaruhusu, na ndani ya Thunderbird weka nywila kuu inayolinda vibali vilivyohifadhiwa. Laputopu ikiibwa, ondoa ruhusa ya programu siku hiyohiyo kupitia ukurasa wa usalama niliousema.

Nimeyaacha ya ofisi mwisho kwa sababu ndiyo yanayonikera zaidi. Tazameni vibao vya shule, zahanati, vyama vya ushirika, misikiti na makanisa yetu. Anwani iliyoandikwa ni ya Gmail au Yahoo, ilifunguliwa na katibu wa miaka ile, kwa namba yake ya simu. Katibu akihama, nywila inahama naye. Akibadilisha laini, uthibitisho unakwenda kwenye laini ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Mrithi wake anafungua anwani mpya, kibao kinapakwa rangi upya, na barua za miaka minane zinabaki kwenye seva mpaka zifutwe kwa kutotumika. Wafadhili, wazazi, halmashauri, wote walioandika humo, taasisi haiwezi tena kuonyesha waliandika nini.

Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa tunayoyajua ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Tunazo kwa sababu kwa waliozipokea kulikuwa na utaratibu wa kutunza nyaraka. Mwanahistoria atakayetaka kujua chama cha wakulima cha wilaya yetu kiliandikiana nini na wanunuzi wake mwaka 2015 atakuta nini?

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mlio wakuu wa taasisi mfanye mambo matatu kabla mwezi haujaisha. Anwani ya ofisi iwe na namba ya uthibitisho inayomilikiwa na ofisi. Kompyuta moja ya ofisi iwe na programu ya barua iliyounganishwa kwa IMAP, na barua zote ziwe zimeshushwa. Na iwepo diski ya nje yenye nakala, iliyoandikwa tarehe, ikikabidhiwa kwa saini katibu anapoondoka, kama inavyokabidhiwa mihuri na daftari la stakabadhi. Mwenye laputopu abaki. Tuna mtandao mzuri humu ukumbini hadi saa mbili usiku, na akaunti ya kwanza tunaiunganisha sasa hivi.